Maji ya Uvuguvugu Mara Tatu

Mwanamke wa kwetu Unguja hupewa maji ya uvuguvugu mara tatu. Mara ya kwanza ni pale anapoolewa: somo wake humfungia chumbani, humsinga kwa liwa, humwogesha, humfukiza udi. Mara ya pili ni pale anapojifungua: huja bibi anayeijua kazi yake, akamkanda kwa maji ya moto, tumbo, kiuno na mgongo, mpaka zitimie siku arobaini. Mara ya tatu ni pale anapokufa. Maji ya safari hiyo hutiwa majani ya mkunazi na kafuri, na anayeoshwa hana tena la kusema, yamezidi moto au yamepoa.

Yatazame vizuri maji hayo. Ya kwanza humwandaa kwa mume. Ya pili humrudisha kwenye kazi za nyumba. Ya tatu humwandaa kwa kaburi. Sina ugomvi na somo, wala na bibi mkandaji, wala na wanawake wanaoosha maiti. Hao wanajua juu ya mwili wa mwanamke mambo ambayo mimi na digrii zangu sijui nusu yake. Ugomvi wangu ni na hesabu. Kwa nini mara tatu tu? Kwa nini mwanamke asiingie katika maji ya uvuguvugu siku ya Jumanne, bila harusi, bila uzazi, bila msiba, kwa sababu tu amechoka?

Nayaandika haya kwa sababu ya mgongo wa mama yangu.

Mama ni mkulima wa mwani, Jambiani. Alianza kabla sijazaliwa, miaka michache baada ya kilimo hicho kuingia upande wa mashariki ya Unguja mwaka 1989. Kila bamvua, maji yakitoka, huenda na wenzake kwenye mashamba yao ya vijiti na kamba, wakainama kwa saa kadhaa, wakafunga mbegu, wakavuna, wakabeba magunia yanayochuruzika maji mpaka pwani. Mwaka jana mgongo ulimkataa. Akaja mjini, akalala kwa shangazi Mkunazini, nami nikampeleka hospitali. Daktari, kijana wa rika langu, alimpima, akamwandikia dawa, kisha akasema kwa upole: "Mama, pumzika. Na ukiweza, ingia kwenye maji ya uvuguvugu, jilaze, uyaache yakubebe."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, mimi baharini naingia tokea hujazaliwa. Hayo maji yananibeba lini? Si mimi ndiye ninayeyabeba?"

Daktari hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo, na ndipo iliponiingia akilini kwamba mama yangu, aliyemaliza zaidi ya nusu ya umri wake ndani ya bahari, hajawahi hata siku moja kuinua nyayo zake kutoka chini. Maji yakimfika kifuani, anarudi. Hajui kuelea.

Nilifanya alivyofanya mtu yeyote wa umri wangu: nikachukua simu, nikatafuta. Nikaipata hoteli moja ya pwani, si mbali na kijiji chetu, inayotoza saa moja ya kuelea katika bwawa lenye maji ya moto, taa hafifu na muziki wa taratibu. Nikapiga kuuliza bei. Ilizidi alichopata mama kwa mwani wa mwezi mzima. Aliyepokea simu aliniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mgeni mkaazi au natokea nje. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nipo Mkunazini. Akanyamaza kidogo, akasema atanipigia. Bado namsubiri.

Kesho yake nikamchukua mama tukatembea mpaka Hamamni, kwa kuwa ni karibu na kwa kuwa jina lenyewe lilinivutia. Kwa asiyepajua: ni nyumba ya maji iliyojengwa ndani ya Mji Mkongwe katika enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, kwa kazi ya fundi wa Kiajemi, Haji Gulamhussein. Ndani kuna vyumba vya joto, vidimbwi, mwanga unaoingia kutoka juu, na chini ya sakafu palikuwa na njia za kupitisha joto. Hamamu hii haikuwa ya kasri. Ilikuwa ya mji: mtu wa mtaani aliweza kulipa, akaingia, akaoga, akajilaza. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1920 hivi, ikafungwa. Leo unalipa kiingilio kuangalia mahali ambapo wenzako walikuwa wakilipa kuoga.

Mama alizunguka chumba kwa chumba, mkono kiunoni. Akachungulia kidimbwi kikavu. Akauliza: "Maji yako wapi?"

Swali hilo ndilo ninalotaka kuwauliza wakubwa wa nchi hii, wenye mahoteli, na sisi vijana tuliosoma. Maji yako wapi?

Msinielewe vibaya. Siwatamani masultani. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886, ameieleza nyumba ya kuogea ya Mtoni na shughuli zake, na ukisoma kwa makini utajua kwamba raha ile ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Hamamu ya Kidichi, aliyoijenga baba yake mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, ni nzuri mpaka leo kwa nakshi zake. Lakini nani alikata kuni? Nani alichota maji? Mapumziko ya mmoja yalikuwa uchovu wa mwingine. Tukafanya mapinduzi mwaka 1964 tukasema basi.

Sawa. Basi nini? Tulizichukua nyumba, tukayachukua mashamba, tukaigawa ardhi. Mapumziko hatukuyagawa. Yalibaki pale yalipokuwa, yakimngojea mwenye pesa mpya. Leo katika ufukwe mmoja kuna mwanamke anayelipa dola kubebwa na maji, na hatua mia mbili kutoka alipo kuna mwanamke anayebeba gunia la mwani katika maji yale yale, na wa pili akisogea karibu na uzio, mlinzi, ambaye pengine ni mtoto wa dada yake, humwambia: "Shangazi, pita chini." Tumejenga Kidichi nyingine nyingi, ila safari hii tunaziita uwekezaji.

Mtu ataniambia: hii ni anasa. Wanawake wanahitaji bei nzuri ya mwani, barabara, zahanati, wewe unatuletea habari za kuelea. Mwenzangu mmoja darasani aliniambia hivyo hivyo nilipotaja kwamba nafikiria kuandika juu ya jambo hili: "Tafuta mada nzito." Nami namjibu hapa, kwa kuwa siku ile nilikosa la kusema.

Kwanza, uzito ndiyo mada yenyewe. Mtu aliyezama majini mpaka shingoni, miguu yake hubeba takriban sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake. Akilala chali na kuelea, haibebi kitu. Kwa mgongo uliobeba magunia miaka thelathini, hakuna kitanda kinachofanana na hicho. Na maji yakikaribia joto la ngozi, kama nyuzi 34 au 35 za Selsiasi, mwili huacha kupigana na baridi, misuli hulegea, pumzi hushuka. Bibi mkandaji alilijua hili bila kipimajoto, alichovya kiwiko.

Pili, wenzetu walilichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1954 daktari wa Kimarekani, John C. Lilly, alitengeneza tangi la maji ya uvuguvugu ndani ya chumba cha giza ili achunguze ubongo unafanya nini mwili usiposikia uzito wala sauti. Biashara nzima ya matangi ya kuelea imezaliwa hapo. Humo hutia chumvi nyingi ili hata asiyejua aelee. Sasa fikiri: bahari ya mashariki ya Unguja, mwezi wa tatu, maji yakijaa juu ya mchanga uliopigwa na jua asubuhi yote, ina chumvi yake na uvuguvugu wake, na Mungu hakuiwekea mlango. Walichokijenga kwa gharama, sisi kimetuzunguka. Tumezungukwa nacho na tunakiogopa.

Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: kuelea si raha peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji duniani kila mwaka. Kwetu hatuhitaji makadirio. Tunayo majina: Spice Islander, Septemba 2011, Skagit, Julai 2012. Hakuna nyumba katika visiwa hivi isiyojua pale alipokuwa habari zilipofika. Sitasema kwamba kujua kuelea kungewaokoa waliokuwemo. Usiku, mawimbi na meli iliyojaa kupita kiasi havimwulizi mtu amesoma nini. Nasema tu kwamba taifa la visiwa linalowaacha binti zake wakue bila kujua kulala juu ya maji halina haki ya kusema kila msiba ni kudra na kufunga faili.

Na bahari yenyewe inabadilika. Uvuguvugu ninaousifu ndio unaoua mwani wa kottonii, ule wenye bei nzuri, katika maji madogo. Wataalamu wanasema njia mojawapo ni kuupeleka kwenye maji makubwa, yenye ubaridi zaidi. Vyema. Nani atakwenda huko? Wanawake ambao hawajawahi kuinua nyayo? Kuelea, ambako mwenzangu alikuita anasa, sasa kumekuwa sharti la kazi.

Nenda Forodhani jioni yoyote maji yakijaa. Utawaona wavulana wanakimbia, wanaruka kutoka ukutani, wanapinduka hewani, watalii wanapiga picha. Kisha tazama dada zao wako wapi. Wako juu, wameketi, wameshika viatu vya kaka zao. Hakuna sheria iliyoandikwa inayowakataza. Kuna jicho tu. Nilikuwa mmoja wao. Niliambiwa msichana akiingia majini nguo humganda, na nikaamini kwamba tatizo ni mwili wangu. Hakuna aliyefikiri kwamba tatizo ni nguo.

Wapo waliofikiri. Kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, wakifundishwa na wanawake wenzao. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia iliziona: msichana amelala juu ya maji. Dunia ikasema, uzuri ulioje. Sisi tulizisambaza kwenye simu zetu kwa fahari. Kisha nani kati yetu aliyemchukua mdogo wake siku ya Jumamosi akamwingiza majini?

Kwa wanaotaja dini, nami nina dini. Ni hamamu za miji ya Kiislamu, kutoka Kairo hadi Istanbul, zilizokuwa na siku na saa za wanawake kwa karne nyingi. Moroko mpaka leo mwanamke wa mtaani hufunga kijibegi chake cha sabuni akaenda hamamu pamoja na mama yake na majirani zake. Ipo pia kauli mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar juu ya kuwafundisha watoto kuogelea, na sijasikia ikinukuliwa kwamba ni wa kiume tu. Haya ni pambo letu, na sitaki kulivua. Lakini haya inahitaji ukuta, pazia na ratiba. Vyote vitatu vinajengeka. Kinachotukwamisha ni uvivu wetu tuliouvika kanzu ya haya.

Mimi nilijifunza kuelea nikiwa na miaka 23. Alinifundisha rafiki yangu wa Nungwi, alfajiri, pwani tupu. Aliniweka mkono mmoja chini ya kisogo na mmoja chini ya mgongo, akasema: "Jaza mapafu. Masikio yaingie majini. Kidevu juu. Tumbo juu. Usifanye kitu." Hilo la mwisho ndilo lililonishinda wiki tatu. Sikuwa nimewahi kuambiwa nisifanye kitu. Nilikuwa mtoto wa kike, wa kwanza, mwenye akili darasani. Kila saa ya maisha yangu ilikuwa na kazi yake. Mwili wangu ulikaza kama kamba kwa kutojua amri hiyo maana yake nini. Siku ulipolegea, bahari ilinipokea kwa wepesi nikaona aibu: kumbe ilikuwa tayari muda wote. Masikio yakiwa ndani ya maji hausikii mtu akikuita. Ndiyo maana, nadhani, hawakutaka tujue.

Kwa hiyo baada ya Hamamni nilirudi na mama Jambiani. Tulingoja maji yajae, magharibi, watu wakiwa msikitini na majumbani. Akaingia na dera lake na dumu tupu la lita ishirini, lile lile la kuchotea maji. Shangazi yangu mdogo alisimama ufukweni akiangalia kama kuna anayekuja. Nikaweka mkono chini ya kisogo cha mama. Alikuwa mzito, kisha si mzito sana, kisha akashtuka akashika shingo yangu kwa nguvu tukazama sote wawili. Tukakohoa, tukacheka. Tukajaribu tena. Mara ya tano au ya sita nilihesabu mpaka kumi na nne kabla hajashtuka. Sekunde kumi na nne, baada ya zaidi ya miaka thelathini baharini. Uso wake ulikuwa uso nisioujua. Nikakumbuka kwamba sijawahi kumwona mama yangu amelala chali macho wazi bila kuugua.

Hatukumponya mgongo. Sitaki msomaji aondoke na hadithi ya muujiza. Bamvua iliyofuata alikwenda shambani akainama kama kawaida, kwa kuwa mwani hauvunwi na mtu aliyelala. Lakini sasa jioni akipiga simu, baada ya salamu na habari za mjini, huniuliza nitakuja lini, na anataja mwenyewe saa ambayo maji yatajaa.

Nasi tuliosoma, tunaoandika kwenye mitandao kila wiki kwamba tunajipenda na tunajipumzisha, tukipiga picha karibu na mabwawa tuliyoalikwa kwa warsha: mapumziko yanayohitaji mwaliko ni posho tu. Hatuna haki ya kuyafurahia kimya kimya halafu tukirudi nyumbani tunampa mama dawa ya kuchua.

Ninachotaka ni kidogo na kinajulikana. Kila skuli ya Unguja iliyo karibu na pwani, na nyingi ziko karibu, ifundishe watoto kuelea kabla hawajamaliza msingi, wasichana kwa walimu wa kike. Iceland, kisiwa ambacho bahari yake ukiingia unaganda, imelazimisha masomo ya kuogelea tangu mwaka 1940. Sisi wenye maji ya uvuguvugu tunangoja nini? Kila hoteli inayouza maji ya moto kwa saa itoe asubuhi moja ya wiki, kwa pazia na bila malipo, kwa wanawake wa kijiji kilichowapa ufukwe. Liandikwe kwenye mkataba, lisiachwe kwenye ukarimu. Na mji huu ulioweza kuwa na hamamu ya umma wakati wa Barghash, ujenge nyingine. Ile ya zamani iachwe ipumzike, ni mali ya historia. Tujenge mpya, ya kawaida, ya sementi na vigae, yenye kiingilio cha bei ya urojo, yenye siku za wanawake, ambapo mchuuzi, mwalimu, muuguzi aliyekesha zamu na mkulima wa mwani anayeumwa mgongo wataingia wakajilaza bila kuulizwa wameolewa lini au wamezaa lini.

Na kama hayo yote yatachelewa, na yatachelewa, basi wewe unayesoma anza Jumamosi. Tazama saa ya maji kujaa. Mchukue mama yako, dada yako, shangazi yako. Chukua dumu. Mwekee mkono chini ya kisogo, umwambie asifanye kitu.

Asingojee ya tatu.